Rula ya Sangara Haimpimi Papa

Ziwa Victoria halina papa. Maji yake yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mlango wake wa kutokea ni Nile peke yake, na kwenye Nile kuna maporomoko ya Murchison ambayo hata sangara, aliyeishi chini yake tangu zamani, hakuyapanda mpaka binadamu alipomchukua na kumleta huku katika miaka ya 1950. Kinachomzuia papa ni maporomoko na umbali, maana maji yasiyo na chumvi peke yake hayamzuii kila papa. Papa wa spishi ya Carcharhinus leucas hupanda mto Zambezi mamia ya kilomita. Huko Nicaragua mtafiti Thomas Thorson aliwavika alama papa wa spishi hiyo waliodhaniwa kuwa ni wa ziwani tu, akathibitisha kuwa walikuwa wakipita mto San Juan kwenda Karibi na kurudi. Papa wa baharini huhifadhi urea nyingi mwilini ili chumvi isimkaushe. Carcharhinus leucas akiingia mtoni huipunguza, na figo zake hufanya kazi ya kutoa mkojo mwingi mwepesi.

Habari za papa zinaihusu Mwanza kwa njia nyingine. Nyegezi ni mojawapo ya kampasi za Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Kijana anayesoma pale hujifunza uvuvi kwa samaki walio mbele yake: sangara, sato, dagaa. Akiajiriwa anaweza kupangiwa Kilwa, Mafia au Pangani, na mzigo wa kwanza kuukagua ufukweni ukawa wa papa na taa, wale samaki bapa walio jamaa wa papa. Rula anayo mkononi, na nyuma ya rula kuna wazo zima alilolelewa nalo: samaki mdogo aachwe akue, azae walau mara moja, ndipo avuliwe. Hoja yangu ni kwamba wazo hilo linamfaa sangara, linamwangamiza papa, na kwamba ziwa letu lenyewe limeshalipa gharama ya kuwapima samaki wote kwa rula moja.

Tuanze na sangara, kwa sababu ndiye tunayemjua. Jike lililokomaa hutaga mayai kwa mamilioni, huyaachia majini na halijishughulishi nayo tena. Karibu yote huliwa. Lakini kwa kuwa ni mengi mno, msimu mmoja mzuri unaweza kutoa kizazi kikubwa kutoka kwa wazazi wachache. Kanuni iliyokubaliwa kikanda kupitia taasisi ya uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, yenye makao Jinja, imejengwa juu ya ukweli huo: sangara wa chini ya sentimita 50 aachwe akue, na wa zaidi ya sentimita 85 aachwe azae, kwa kuwa jike moja kubwa hutaga kupita majike kadhaa madogo yakiwekwa pamoja. Ni kanuni yenye akili. Wanaoipuuza ncha yake ya juu, wakaona kwamba samaki mkubwa ndiye mwenye bondo zito, ule mfuko wa hewa wa tumboni unaouzwa ghali, na kwa hiyo ndiye wa kutafutwa, wanakula mbegu.

Papa hana mamilioni. Dume lina viungo viwili pembeni mwa mkundu vya kupandia, mimba hutungwa ndani ya mwili, na jike hubeba mtoto mpaka awe samaki kamili mwenye meno. Sehemu ya spishi, karibu nne katika kila kumi za papa na taa, hutaga, lakini hayo nayo ni mayai machache makubwa yenye ganda gumu. Papa mwiba wa bahari zenye baridi hubeba mimba kati ya miezi 18 na 24. Kwa papa wa spishi ya Carcharias taurus, kiinitete cha kwanza kukua katika kila mfuko wa uzazi huwala ndugu zake wote, hivyo jike lenye mifuko miwili huzaa watoto wawili basi, na kwa kawaida hupumzika mwaka mzima kabla ya kubeba tena. Taa wakubwa wa jamii ya manta hubeba mtoto mmoja kwa takriban mwaka, kisha wanaweza kukaa miaka miwili au zaidi bila mimba. Papa anayehesabiwa kuwa mwenye watoto wengi kuliko wote ni papa potwe: jike lililovuliwa Taiwan mwaka 1995 lilikutwa na watoto karibu 300 tumboni. Mia tatu, kwa samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayechukua miongo kadhaa kukomaa.

Namba zinaeleza vizuri kuliko maneno. Chukua papa wa kufikirika, asiye spishi yoyote halisi, mwenye tabia za kawaida za papa wa ukubwa wa kati. Jike hukomaa akiwa na miaka 12. Huzaa watoto 10 kila baada ya miaka miwili, nusu yao majike, yaani majike wawili na nusu kwa mwaka. Mwaka wa kwanza nusu ya watoto hufa. Baada ya hapo, bila uvuvi wowote, kati ya kila 100 wanaovuka mwaka ni 85. Zidisha 0.85 kwa yenyewe mpaka zitimie 11, chukua nusu ya jibu, utaona kwamba katika majike 100 wanaozaliwa wanaofika umri wa kuzaa ni wanane hivi. Kila anayefika hupata kwa wastani miaka 6.7 ya utu uzima na kuzaa majike 16 au 17. Jumla yake: kila jike huacha nyuma yake majike 1.4 waliokomaa. Idadi inapanda, polepole.

Sasa ingiza uvuvi mdogo, unaochukua watano tu zaidi katika kila 100 kwa mwaka, wa umri wote kuanzia mwaka wa pili. Wanaovuka mwaka wanakuwa 80 badala ya 85. Wanaofika ukomavu wanashuka kutoka wanane hadi wanne, miaka ya utu uzima inabaki mitano, na kila jike huacha majike 0.54. Kila kizazi kinakuwa karibu nusu ya kilichotangulia. Mvuvi hataona ajabu yoyote mwaka wa kwanza wala wa tatu, kwa sababu waliozaliwa kabla uvuvi haujaanza bado wapo majini wanakua. Pengo linajitokeza miaka kumi na kitu baadaye, na wakati huo kila mtu ana sababu nyingine ya kulaumu: upepo, joto la bahari, wageni wenye meli.

Jaribu kanuni ya kima cha chini cha urefu kwa papa huyo huyo. Wachanga wasiguswe kabisa, wavuliwe waliokomaa tu. Ukichukua watano zaidi katika kila 100 ya wazima, jibu ni 1.05, yaani unatembea ukingoni. Ukichukua 15, jibu ni 0.70 na idadi inaporomoka, ingawa hakuna mtoto hata mmoja aliyeguswa. Kisha geuza: wazima waachwe, wavuliwe wa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne peke yao, watano zaidi katika kila 100. Jibu ni 1.16, na kwa idadi wavuvi wanapata samaki takriban mara tatu ya wale ambao wangewapata kwa kuchukua watano katika kila 100 ya wazima, japo kila mmoja ni mdogo. Kwa sangara tunalinda mtoto ili afike kuzaa mara moja. Kwa papa wa kulindwa kwanza ni mama, pamoja na wale walioponea utoto na kubakiza miaka michache tu kuwa mama.

Hilo limejaribiwa nje ya karatasi. Kusini mwa Australia kuna uvuvi wa nyavu za kutega, zile tunazoziita makila, unaomlenga papa mdogo wa spishi ya Mustelus antarcticus. Matundu ni ya inchi 6 hadi 6.5. Wavu wa namna hiyo hukamata kwa kichwa: mdogo mno anapenya, wa katikati anakwama kwenye matamvua, mkubwa anagonga na kurudi. Majike makubwa yanabaki majini yanazaa, na uvuvi huo umedumu kwa miongo. Lakini katika nyavu hizo hizo, maji hayo hayo, alikuwamo papa mwingine, Galeorhinus galeus, anayekomaa kwa kuchelewa, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 50 na ambaye jike lake hupitisha miaka miwili au mitatu kati ya uzazi mmoja na mwingine. Huyo alianguka, na mwaka 2009 Australia ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe wanaohitaji uhifadhi. Laiti mizigo ya papa hao wawili ingeandikwa kwa pamoja, kilo kwa kilo, chini ya neno moja "papa", wingi wa yule wa kwanza ungemficha wa pili mpaka siku ya mwisho.

Hata hesabu ya matundu ina mpaka wake. Papa nyundo kichwa chake kipana hukwama kwenye tundu la ukubwa wowote. Papa upanga hunaswa kwa meno ya ule upanga wake tangu akiwa mchanga, na akishazungushwa na uzi hawezi kujinasua, wala mvuvi hawezi kumtoa bila kukata wavu wa thamani. Ndiyo sababu papa upanga wametoweka katika sehemu kubwa ya pwani walizokuwa wakiishi, hata pale ambapo hakuna aliyepanga kuwavua. Kwao hakuna inchi ya kupendekeza. Kinachobaki ni kuondoa wavu wenyewe mahali wanapozalia, hasa kwenye midomo ya mito na mikoko.

Hali ya jumla inajulikana. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2021 ilikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya spishi karibu 1,200 za papa, taa na jamaa zao zinakabiliwa na hatari ya kutoweka, na chanzo kikuu ni kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka huo huo watafiti walionesha kwamba wingi wa papa na taa wa bahari kuu umeshuka kwa asilimia 71 tangu 1970.

Lililonishtua zaidi lilitoka mwaka 2024. Mtafiti Boris Worm na wenzake walihesabu papa wanaouawa na uvuvi duniani na kuona kwamba idadi iliongezeka kutoka angalau milioni 76 mwaka 2012 hadi milioni 80 mwaka 2019, katika kipindi kile kile ambacho nchi nyingi zilitunga sheria za kukataza kukata mapezi na kutupa mwili baharini. Sheria zilitii mantiki moja: mkataza pezi humwokoa papa. Kilichotokea ni kwamba mvuvi alilazimika kurudi ufukweni na mwili mzima, na mwili ukatafutiwa soko. Nyama ikawa bidhaa yenye wanunuzi wake, na papa wadogo ambao mapezi yao hayakuwa na bei sasa wana sababu ya kuvuliwa.

Mwanza inapaswa kuisoma habari hiyo kwa makini kuliko Dar es Salaam. Tuna kiungo chetu kinachosafiri kwenda kwenye masoko yale yale ya Hong Kong na China yanayonunua mapezi ya papa: bondo la sangara. Bei yake kwa kilo imeipita mbali minofu, na minofu ndiyo iliyojenga viwanda. Kiungo kimoja kikishakuwa ghali kuliko samaki mzima, anayeamua samaki gani avuliwe ni mnunuzi wa kiungo, na mnunuzi wa bondo anataka la sangara mkubwa, yaani yule yule ambaye kanuni ya kikanda ya sentimita 85 ilikusudia kumlinda. Kwa papa tayari tumeona kwamba kukidhibiti kiungo bila kudhibiti vifo hakuzai matunda. Sheria yoyote ya mabondo itakayohesabu kilo za mabondo tu, bila kuuliza yametoka kwa samaki wa urefu gani, itafika pale pale. Na urefu unaweza kukadiriwa kwa uzito wa bondo. Kinachotakiwa ni jedwali lililotengenezwa kwa kupima sangara mia kadhaa wa hapa hapa, jike na dume mbalimbali, wakiwa bado hawajapasuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo papa hana na sangara anacho, na nalo linatoka kwenye bondo hilo hilo. Sangara huelea kwa mfuko wa hewa. Papa hana mfuko huo. Huelea kwa ini kubwa lenye mafuta na kwa kuogelea. Mashine za sauti zinazotumika kukadiria samaki wa Ziwa Victoria tangu 1999 hutuma mlio chini ya meli na kusikiliza mwangwi, na sehemu kubwa mno ya mwangwi wa samaki, tisa ya kumi au zaidi, hutoka kwenye hewa ya bondo. Kwa hiyo teknolojia tunayoitegemea ziwani karibu haimsikii papa. Ofisa aliyezoea ramani za mwangwi akipelekwa pwani hana budi kujifunza njia nyingine za kuhesabu.

Njia mojawapo ni kamera yenye chambo. Fremu ya chuma hushushwa ikiwa na mkono wa mbele unaoshika kilo moja hivi ya samaki wenye mafuta waliopondwa, nayo hurekodi saa moja hadi saa moja na nusu. Anayechambua picha hahesabu kila papa anayepita, maana mmoja anaweza kurudi mara kumi. Huandika idadi kubwa kabisa iliyoonekana katika fremu moja. Kwa njia hiyo mradi wa Global FinPrint ulipima miamba ya matumbawe 371 katika nchi 58, na matokeo ya mwaka 2020 yalionesha kwamba karibu moja katika kila tano ya miamba hiyo haikuonekana hata papa mmoja. Kasoro za njia hii ni nyingi na zinajulikana. Maji yenye tope huizima, hivyo Ghuba ya Mwanza wakati wa mwani haifai kabisa. Mkondo mkali hupeleka harufu mbali na kuita papa wengi kuliko maji yaliyotulia, kwa hiyo usipoandika kasi ya mkondo unalinganisha visivyolingana.

Nyingine ni kuchuja maji na kutafuta DNA iliyodondoka kutoka kwa wanyama. Lita moja au mbili hupitishwa kwenye kichujio chembamba, kichujio kikahifadhiwa, kisha maabara ikatafuta alama ya spishi. Inafaa sana kwa walioadimika kama papa upanga. Hupotea kwa mambo madogo: ndoo iliyooshea samaki asubuhi, glavu zile zile kutoka kituo hadi kituo, sampuli iliyokaa juani. Ndiyo maana katika kila kundi la sampuli lazima iwemo chupa ya maji safi iliyochujwa kwa vifaa vile vile. Chupa hiyo ikitoa jibu la papa, matokeo ya siku nzima yanatupwa.

Kwa papa potwe wa Mafia kuna njia nzuri kuliko zote, ambayo haimgusi samaki. Madoa ya ubavuni mwake, nyuma ya matamvua, hayafanani na ya mwingine, na picha ya ubavu wa kushoto hulinganishwa na hifadhi ya picha kwa hesabu iliyobuniwa na wanaastronomia kwa ajili ya kulinganisha ramani za nyota. Ikiunganishwa na vitoa mlio vidogo walivyovishwa baadhi yao na visikizi vilivyowekwa majini, ilionekana kwamba wengi hawaondoki Mafia msimu ukiisha. Wanashuka na kusogea mbali kidogo, macho ya watu ndiyo yanayowapoteza. Kanuni iliyotungwa kwa kudhani kuwa wameondoka ingeruhusu nyavu mahali walipo.

Umri nao ni mtego. Sangara ana vijiwe vya sikio ambavyo hukatwa na kusomwa. Mifupa ya papa ni gegedu, hivyo watafiti hukata pingili ya uti wa mgongo na kuhesabu pete. Shida ni kwamba samaki akiacha kurefuka, pete nazo hubanana au husita kuongezeka. Huko New Zealand, papa wa spishi ya Lamna nasus walisomwa kwa pete, kisha wakapimwa kwa kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo iliacha alama katika kila kiumbe cha baharini kilichokuwa kikikua wakati ule. Ilibainika mwaka 2007 kwamba pete zilipunguza umri wa wakubwa kwa hadi nusu. Anayedhani samaki anaishi miaka 38 kumbe anaishi zaidi ya 60 atakadiria kwamba idadi inajirudisha haraka, na ataruhusu uvuvi kupita kiasi kwa nia njema kabisa. Papa wa Greenland, ambaye mwaka 2016 alikadiriwa kwa lenzi ya jicho kuishi angalau miaka 272 na kukomaa akiwa na takriban 150, asingeweza kujulikana kwa pete kamwe, maana hana zinazosomeka.

Wapo wanaosema suluhisho ni mvuvi kumwachia papa akinaswa. Kwa baadhi ni sahihi. Papa chui hustahimili ndoana kwa saa nyingi na huondoka mzima. Papa nyundo hafiki huko: hupigana mpaka damu yake inajaa asidi, na wengi hufa kabla mtumbwi haujarudi kuinua wavu uliotegwa jioni. Sheria ya kuachia inawaacha maiti. Kwa hao linalosaidia ni kupunguza saa za wavu kukaa majini au kuwazuia wasinaswe tangu mwanzo. Jaribio la Baja California nchini Mexico, lililochapishwa mwaka 2022, lilifunga vimulimuli vya LED vya kijani kwenye nyavu za kutega usiku, na papa na taa walionaswa bila kukusudiwa wakapungua kwa asilimia 95, huku samaki waliokusudiwa wakiendelea kuvuliwa. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wanatumia mwanga wa LED kuwavuta dagaa kila usiku wa giza. Ufundi wa betri, wa kuziba maji na wa kutengeneza upo Mwanza kuliko mahali pengi pa pwani. Hapo ziwa lina kitu cha kuifundisha bahari, na sioni sababu ya jaribio kama hilo kutofanywa Tanga, ambako nyavu za jarife zinazotegwa kwa ajili ya papa zimekuwa zikimnasa hata silikanti, samaki adimu wa kale.

Nirudi kwenye gharama iliyokwisha kulipwa. Furu wa Ziwa Victoria walikuwa zaidi ya spishi 500. Kwa ukubwa ni wa kiganjani, lakini kwa uzazi wako upande wa papa: mayai makumi, mara chache mamia, na jike huyabeba mdomoni mpaka watoto waweze kujitegemea. Katika miaka ya 1970 walivuliwa kwa trola hapa Ghuba ya Mwanza kwa ajili ya unga wa samaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Frans Witte miongoni mwao, walianza mwaka 1977 kuwatenganisha kwa spishi na kwa kina cha maji, na ni kwa sababu ya kazi hiyo tunajua kilichopotea sangara alipofurika katika miaka ya 1980. Inakadiriwa spishi 200 hivi zilitoweka. Katika vitabu vya mavuno kilichoonekana ni safu moja inayoshuka, yenye neno "furu". Sangara walipopungua kwa kuvuliwa katika miaka ya 1990, furu wakaanza kuonekana tena, na safu hiyo ikapanda kana kwamba waliorudi ni wale wale. Walikuwa sehemu tu ya wale wa mwanzo.

Pwani iko leo mahali Ghuba ya Mwanza ilipokuwa mwaka 1976. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, iliitaka dunia tangu 1999 ikusanye takwimu za papa kwa spishi, CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, imekuwa ikiongeza spishi za papa kwenye orodha zake tangu 2002 na mwaka 2022 iliingiza familia nzima ya Carcharhinidae, lakini hayo yote yanamtegemea karani mmoja aliyesimama ufukweni alfajiri na fomu yenye nafasi ya "papa" na nafasi ya "taa". Karani huyo akipewa vifaa vya bei ndogo anaweza kufanya zaidi.

Urefu upimwe kwa utepe ulionyooshwa chini, samaki akiwa amelazwa pembeni yake. Utepe ukipitishwa juu ya mgongo unaongeza sentimita kadhaa kwa samaki mnene. Iandikwe kama ni mpaka ncha ya mkia au mpaka panda ya mkia, kwa kuwa mkia wa papa ni mrefu na mara nyingi hufika umeshakatwa. Taa hapimwi urefu. Hupimwa upana, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Dume lipapaswe viungo vyake: vikiwa laini ni mchanga, vikiwa vigumu na vinazunguka kuelekea mbele ni mzima. Jike likipasuliwa, watoto tumboni wahesabiwe kabla ya utumbo kutupwa. Picha tatu, ubavu, tumbo na meno, zipigwe na kipande cha karatasi chenye namba kikionekana. Mwili ukifika bila kichwa wala mapezi, ikatwe nyama ya ukubwa wa kucha na kutiwa kwenye etanoli ya asilimia 95 iliyo mara kadhaa ya ujazo wa nyama. Ikitiwa kidogo, maji ya nyama huizimua na sampuli huoza. Namba iandikwe kwa penseli na kutumbukizwa ndani ya kichupa, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye etanoli.

Kwa mialo ya Mwanza ombi ni dogo zaidi. Hakuna karani atakayetambua spishi mia za furu kwa macho, na si haki kumdai hivyo. Lakini anaweza, mara moja kwa mwezi, kuchukua kilo moja ya furu kutoka kwenye mtumbwi ambao tayari ameuandika, akaonesha ulivua wapi na kina gani, na kuipeleka kituo cha Mwanza cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ikachambuliwe. Furu wapigwe picha wakiwa wabichi, kwa sababu rangi ya dume ndiyo inayotenganisha spishi nyingi na hupotea ndani ya saa chache. Formalini hutunza umbo na kuharibu DNA. Etanoli hutunza DNA lakini hukunja mwili. Kilo hiyo igawanywe mara mbili kabla haijatiwa dawa yoyote.